Night of the Living Dead (1968): Cooper alikuwa sahihi, Ben ndiye aliyewaponza wenzake

#1 Kisiki cha Mpingo
Wakuu, salaam. Kama hujaiona muvi hii ya mazombi ishia hapa, maana nitataja kila kitu mpaka mwisho. Iko YouTube nzima, na ni halali kuitazama kwa sababu haina hakimiliki Marekani.

Nimeirudia wikiendi hii na shemeji yangu. Alikuwa hajawahi kuiona, na tumebishana mpaka chai ikapoa. Kila mtu humhesabu Ben kuwa stelingi na Harry Cooper kuwa adui, kwa sababu Cooper ana kelele, anamkaripia mkewe na hataki kusaidia mtu. Sawa. Wekeni tabia yake pembeni, mfuate matukio tu. Wako watu saba ndani ya nyumba ya shambani, mazombi yamewazunguka nje.

Cooper anasema: wote tushuke chumba cha chini, tukomee mlango kwa ndani, tusubiri asubuhi. Ben anasema: chini ni mtego, tubaki juu, tupigilie mbao madirisha yote. Mpango wa Ben ndio unaoshinda. Matokeo yake? Tom na Judy, wale vijana wapenzi, wanaungua ndani ya pikapu. Barbra anaburutwa nje na kaka yake mwenyewe aliyekufa. Cooper anapigwa risasi na Ben. Helen, mke wa Cooper, anauawa. Anayeiona asubuhi ni Ben peke yake, na ameponea wapi? Chini! Kulekule alikokataa usiku kucha.

Mwongozaji Romero angetaka kutuambia Ben alikuwa sahihi, angemponyesha juu. Nipeni hoja.

#2 Mla Ubuyu
Naweka kiti mbele kabisa. Huu uzi utafika mbali.

#3 BintiVuga
Kisiki, umemsahau Karen. Binti wa akina Cooper ameng'atwa na zombi na yuko wapi muda wote huo? Kalazwa juu ya meza, kulekule chini. Mpango wa Cooper maana yake ni kujifungia chumba kimoja na maiti mtarajiwa, komeo likiwa kwa ndani na mazombi yakigonga kwa nje. Hata Ben angekubali tangu dakika ya kwanza, wangeliwa mmoja mmoja gizani.

#4 Kisiki cha Mpingo
BintiVuga, hesabu watu. Wakishuka wote wako watu wazima sita, na bunduki moja. Mtoto mmoja wangemmudu. Karen aliwaua wazazi wake kwa sababu kila mmoja alimkuta peke yake, na baba mtu tayari alikuwa na risasi ya Ben mwilini.

#5 BintiVuga
Wangemmudu kwa moyo gani? Helen aliposhuka alimkuta mwanawe anamtafuna baba yake, na hakupigana. Alirudi nyuma, akaanguka, akabaki anamtazama mtoto akimjia na mwiko wa fundi mkononi. Nitajie mama atakayekubali Ben amlenge mwanawe kichwani kabla hajaamka. Vita vingeanza hapohapo, kati ya wazima kwa wazima.

#6 Dereva wa Fuso
Hii si ndiyo ile wamejificha kwenye jengo la maduka, halafu wanaondoka na helikopta?

#7 Taa ya Kandili
Hapana mkuu #6. Hiyo ni Dawn of the Dead ya 1978, mwongozaji ni huyohuyo George Romero. Ilipigwa Monroeville Mall, karibu na Pittsburgh, usiku maduka yakishafungwa. Hii tunayoijadili ni ya 1968, nyeusi na nyeupe, nyumba moja ya shambani. Ilipigwa Evans City, Pennsylvania.

#8 Dereva wa Fuso
Asante. Nyeusi na nyeupe ni kwa kuwa enzi hizo rangi zilikuwa bado, eti?

#9 Taa ya Kandili
Rangi zilikuwepo kitambo. Waingereza walishamtoa Dracula wa Christopher Lee na damu nyekundu kabisa mwaka 1958. Hawa vijana wa Pittsburgh hawakuwa na hela, bajeti yao yote ilikuwa kama dola 114,000. Damu unayoiona ni sharubati ya chokoleti, na ikiwa nyeusi na nyeupe hujui tofauti. Yule aliyeigiza Cooper, Karl Hardman, alikuwa pia mtayarishaji. Marilyn Eastman aliyeigiza Helen naye alifanya kazi kibao nyuma ya kamera. Na Karen ni binti wa Hardman wa kumzaa mwenyewe, Kyra Schon.

Nitawaongezea jambo kuhusu hicho mnachokigombania. Chumba cha chini mnachokiona hakikuwa cha nyumba ile. Picha za chini zilipigwa kwenye jengo jingine, Pittsburgh mjini.

#10 Mla Ubuyu
Kwa hiyo baba wa kweli anatafunwa mkono na binti yake wa kweli. Hao walikuwa na familia ya aina yake.

#11 Zimamoto Mstaafu
Naomba niongee kama mtu niliyefanya kazi ya uokoaji. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni hili: usijifungie sehemu yenye mlango mmoja. Nyumba zetu mijini zina nondo kila dirisha na mlango mmoja mbele, watu wanadhani wamejilinda. Nimewahi kufika kwenye nyumba ya namna hiyo, moto umeanzia sebuleni, watu wamekimbilia chumba cha mwisho na kufunga mlango. Tulikata nondo za dirisha kwa mashine huku mtoto akiwa amesimama kitandani, mdomo wake ameubana kwenye upenyo wa dirisha apate hewa. Walitoka wote, namshukuru Mungu, lakini tungechelewa kidogo tu ingekuwa habari nyingine.

Ben alikuwa anafikiri kama mtu wa uokoaji. Juu una milango, una madirisha, una ghorofa, una pa kukimbilia. Chini ukizingirwa umezingirwa.

#12 Kisiki cha Mpingo
Mzee wangu Zimamoto, heshima yako. Ila moto na moshi vinapita chini ya mlango, zombi halipiti. Mazombi ya Romero yanatembea polepole, hayana akili, yanachojua ni kusukuma na kugonga. Mlango mmoja imara dhidi ya adui wa namna hiyo ni bora kuliko madirisha kumi yaliyopigiliwa mbao za meza na ubao wa kupigia pasi.

#13 MwanaMvita
Hebu subiri hapo, Kisiki. Hayana akili? Lile la kwanza kabisa, pale makaburini, lilichukua jiwe likavunja kioo cha gari la Barbra. Karen katumia mwiko. Mwisho mwisho wanashika vitu kuvunjia mlango. Tizama tena, yakhe. Haya ya 1968 yana akili kidogo, na kidogo hiyo yatosha kuvunja mlango wako mmoja kabla ya alfajiri.

#14 Taa ya Kandili
Nakazia #13. Na yanaogopa moto pia. Huyo wa makaburini ni Bill Hinzman, alikuwa mpiga picha wao.

#15 Kisiki cha Mpingo
Mlango huohuo wa chini ulihimili. Ben aliingia, akakomea, nyumba nzima imejaa mazombi juu yake, na hawakuuvunja. Hiyo si nadharia, tumeiona kwa macho.

#16 MwanaMvita
Ulihimili na mtu mmoja aliyenyamaza kimya. Watie ndani watu saba, mmoja alia, mmoja agombana na mkewe, uone kama hawajajazana mlangoni.

#17 Dereva wa Fuso
Sasa nimeitazama yote, nimerudi. Nyote mnaacha kiini cha maafa, ambacho ni petroli. Mpango wa kwenda kujaza mafuta kwenye pikapu ulikuwa mzuri. Televisheni imeshasema kuna kituo cha uokoaji Willard, Tom anaijua njia, gari lipo. Kilichoharibu ni nini? Ufunguo waliobeba haukufungua kufuli ya pampu. Kufuli ikapigwa risasi, mafuta yakaruka, na Ben alikuwa ameuweka mwenge chini, palepale karibu na tairi. Mimi nimezeeka kwenye malori. Mtu anayejua mafuta hasogezi moto mahali mpira unamwaga, hata awe anakimbizwa na simba. Halafu gari linawaka, Tom anapanda na kuliendesha! Angeruka akaliacha pale wote wangerudi ndani salama.

Kwa hiyo si Cooper wala Ben. Ni kukosa mtu mmoja anayejua kazi ya mafuta.

#18 Chausiku
Na Judy je? Alikuwa salama ndani ya nyumba, akatoka mbio kumfuata Tom kwa sababu hakutaka amwache. Koti lake ndilo lililonasa garini mpaka Tom akarudi kumwokoa. Asingetoka, Tom angekimbia.

#19 Mla Ubuyu
Mapenzi yameua. Tuandike hiyo kama sababu ya tatu.

#20 Mwalimu wa Zamu
Wakuu, nadhani mnatafuta kosa kwa watu waliopewa taarifa mbovu. Sikilizeni redio na televisheni ndani ya muvi. Mwanzoni wanatangaziwa: kaeni majumbani, fungeni milango. Saa chache baadaye: tokeni, nendeni vituo vya uokoaji. Ben na Cooper wote wanafuata tangazo moja, kila mtu kwa nusu yake. Hata chanzo cha wafu kuamka hakikubaliki. Mwanasayansi mmoja anataja mionzi ya chombo kilichorudi kutoka sayari ya Zuhura, ofisa wa jeshi pembeni yake anamkatiza mbele ya waandishi. Hakuna anayejibu mpaka muvi inaisha. Ndiyo maana mimi huiona inatisha kuliko za sasa ambazo kila kitu kinaelezwa na daktari mwenye koti jeupe.

#21 Kisiki cha Mpingo
Mwalimu, hapa umegusa pazuri, ila unawaponyesha wote wawili kirahisi. Tangazo baya halikumlazimisha Ben kumpiga Cooper risasi.

#22 BintiVuga
Wala halikumlazimisha Cooper kukaa chini na kusikiliza Barbra akipiga kelele juu, asipande kusaidia. Ben mwenyewe alimwuliza hilo. Na Cooper alipoona pikapu imelipuka, alimfungia Ben mlango nje, mpaka Ben akauvunja kwa teke. Wewe ungemwamini mtu huyo akuongoze shimoni?

#23 Chausiku
Niwape kisa. Tulipanga nyumba moja Mbagala, wapangaji wengi. Usiku mmoja zikaja habari kuwa vijana wenye mapanga wako mtaa wa pili, wanaingia nyumba hadi nyumba. Mwenye nyumba akasema wote tuingie chumbani kwake, kina mlango wa chuma. Kijana mmoja fundi wa magari akasema hapana, wanaume tushike geti la uani, tukiingia chumbani wakivunja tumekwisha. Wakaanza kubishana palepale koridoni. Mwenye nyumba anasema nyumba ni yangu, fundi anasema roho ni yangu. Watoto wamekaa sakafuni na mablanketi, taa zimezimwa, tunasikia mbwa wa jirani wanabweka, na wale wawili bado wananong'onezana kwa hasira, vidole vikiwa karibu kutiana machoni. Hatukushika geti, hatukuingia chumbani. Bahati nzuri wale vijana walipita njia nyingine.

Nilipoiona hii muvi niliwajua Ben na Cooper siku hiyohiyo. Mpango wowote kati ya ile miwili ungefaa kidogo. Kilichokuwa kinatuua ni koridoni.

#24 Zimamoto Mstaafu
Chausiku, pole sana, na umesema kweli. Kwenye tukio huwa kuna amri moja. Mbaya iliyofuatwa na wote huokoa wengi kuliko nzuri mbili.

#25 MwanaMvita
Amri ya nani sasa? Ndipo tunaporudi palepale. Mwaka 1968, Marekani, mtu mweusi anamwambia mzungu mwenye mke na mtoto kwamba juu mimi ndiye bosi, wewe ukashike uongozi wako kule chini. Mnaijadili kama nyumba ya Tandale. Cooper angepokea amri hiyo toka kwa mzungu mwenzake bila hata kupaza sauti.

#26 Taa ya Kandili
Tuwe waangalifu hapa. Romero alisema mara nyingi kuwa Ben hakuandikwa kama mtu mweusi. Duane Jones, aliyemwigiza Ben, alipewa nafasi kwa sababu ndiye aliyefanya usaili vizuri kuliko wote. Kwenye maandishi ya mwanzo Ben alikuwa dereva wa lori mwenye lugha ya mtaani, Jones akiwa msomi akayabadilisha maneno yake. Ndani ya muvi nzima hakuna anayetaja rangi ya Ben, hata Cooper akiwa amekasirika vipi.

#27 MwanaMvita
Hakuna anayetaja, na mtazamaji aona. Kanda ilikuwa imeshakamilika wakati Martin Luther King anauawa, Aprili 1968. Romero mwenyewe alisimulia kuwa walikuwa njiani kuipeleka New York kutafuta msambazaji waliposikia habari hiyo redioni. Oktoba mwaka uleule watu wakaketi sinema wakamwona Ben anapigwa risasi ya kichwa na mgambo wa kizungu wenye mbwa. Alichokusudia mwandishi ni kimoja, kilichofika kwa mtazamaji ni kingine.

#28 Mla Ubuyu
Na sisi tulioiona banda la video tulikuwa na kesi yetu. Sheria ya banda ilikuwa stelingi hauawi. Siku ile mwenye banda alipoweka huo mkanda, Ben alipodondoka watu walidhani mkanda umekatwa. Wakaanza kudai hela zao. Mwenye banda akarudisha nyuma mara mbili kuonyesha kwamba ndivyo ilivyo. Kuna mzee alisimama akasema hiyo picha ni mbovu, aliyeitengeneza hajui kazi.

#29 Dereva wa Fuso
😂 Hayo mabanda. Kwetu picha ya kutisha iliyojaza banda ni ile ya mazombi ya Kichina, yanaruka mikono mbele, yamebandikwa karatasi ya njano kwenye paji la uso. Ukibana pumzi hayakuoni. Banda zima lilikuwa linabana pumzi. Mtoto aliyepumua kwa nguvu alikuwa anapigwa kofi.

#30 Taa ya Kandili
Mr. Vampire, Hong Kong, 1985. Yule mganga mwenye nyusi zilizoungana ni Lam Ching-ying, alifariki 1997. Kumbukeni mchele wa kunata uliokuwa dawa ya sumu ya wale wafu. Muuza mchele akauchanganya na mchele wa kawaida, mgonjwa nusura ageuke.

#31 Wa Nakuru
Wueh, hiyo tuliitazama hadi mkanda ukakwama. Lakini hakuna mtu amewahi kuniambia kwa nini yanaruka. Kwa nini yasitembee tu?

#32 Mwalimu wa Zamu
Maiti hukakamaa. Magoti hayakunjiki, viwiko havikunjiki. Ndiyo maana yanaruka na mikono imenyooka.

#33 Taa ya Kandili
Hiyo ni moja. Kuna simulizi ya zamani ya jimbo la Hunan, eneo la Xiangxi. Mtu akifia kazini mbali na kwao alitakiwa azikwe kwao, na wasafirishaji walikuwa wanabeba maiti kadhaa usiku kwa miti miwili ya mianzi, mmoja mbele mmoja nyuma, maiti zimefungwa kwapani zikiwa wima. Mwanzi unanesa, kwa hiyo ukiona kwa mbali gizani, maiti zinaruka kwa mpangilio. Kengele inalia watu wakae mbali. Wengine wanasema ilikuwa janja ya wasafirisha magendo, kwamba wanatisha watu wasikague mizigo.

#34 Wa Nakuru
Ya magendo naikubali. Hata mpakani kwetu kungekuwa na msafara wa maiti usiku hakuna askari angesogea.

#35 Zimamoto Mstaafu
Na kizingiti cha mlango? Nyumba za Kichina za zamani zina kizingiti kirefu. Niliwahi kuambiwa ni cha kuzuia hao.

#36 Taa ya Kandili
Naam, hiyo nayo ipo kwenye simulizi zao.

#37 Chausiku
Mimi mazombi ya Romero hayanitishi kama msukule. Zombi la Romero halina mwenyewe. Limeamka, lina njaa, basi. Msukule ana bwana. Anajulikana alizikwa, familia imelia, imepika, imeanua tanga, kumbe yuko shamba la mtu analima usiku. Kinachoogopesha ni huyo jirani anayevuna.

#38 BintiVuga
Dada Chausiku, kama unataka ya namna hiyo tafuta White Zombie ya 1932, yumo Bela Lugosi. Haiti. Ana kiwanda cha sukari, wafanyakazi wake wote ni wafu. Kuna kipande wanasukuma mashine ya kusaga miwa, macho yamekodoa, mmoja anajikwaa anaangukia ndani ya mashine, wenzake hawageuki hata shingo. Mlio wa mbao zinavyokwaruzana ndio muziki wa kipande chote. Ina karibu miaka mia, na mimi sijaona picha ya sasa inayonifikisha hapo. Hakuna damu hata tone.

#39 Mwalimu wa Zamu
Hiyo ina mantiki. Haiti ni nchi ya watumwa waliopigana wakajikomboa. Kwa watu hao hofu kubwa ni kurudishwa shambani hata baada ya kufa. Romero aliwatoa mazombi shambani akawapeleka mlangoni kwa mzungu wa kawaida. Wazo lake alilipata kwenye riwaya ya Richard Matheson ya 1954, I Am Legend, ambayo ni ya wanyonya damu.

#40 Mla Ubuyu
Wakuu, tumetoka Pennsylvania tumefika Haiti kupitia Hong Kong. Mwenye uzi yuko wapi?

#41 Kisiki cha Mpingo
Nipo, nasoma yote. Nawarudisha nyumbani.

BintiVuga na Zimamoto mmeniambia chini ni mtego. Chausiku ameniambia tatizo ni mabishano. Nakubali kuwa mabishano yaliua, lakini mabishano yaliletwa na nani? Cooper alikuwa tayari chini na familia yake na wale vijana wawili, wametulia. Walipopanda ndipo Ben akagawa nyumba: bunduki yangu, redio yangu, chakula changu, wewe kaa chini ukitaka lakini huchukui kitu. Mtu mwenye hekima angegawana. Angempa Cooper chakula na redio ashuke navyo, na juu pakibomoka kila mtu ana pa kukimbilia.

#42 BintiVuga
Tom alishalitaja hilo wazo! Alisema mara kadhaa tushirikiane, juu paimarishwe na chini pabaki akiba. Hakuna aliyemsikiliza kwa sababu ni kijana. Hata Ben hakulipinga, alisema mambo yakiharibika chini kupo. Aliyesema nikishafunga sifungui tena ni Cooper.

#43 Dereva wa Fuso
Hapo BintiVuga amepiga bao. Nimeisikia hiyo sehemu jana.

#44 Wa Nakuru
Mnasahau njia ya tatu. Kuna ile iliyorudiwa 1990, mwongozaji Tom Savini, Ben ni Tony Todd. Humo Barbara si mzubaifu. Anawatazama mazombi dirishani anasema yako polepole, tunaweza kutembea katikati yao tukapita. Hakuna anayemjali. Mwishoni anatoka na bastola, anatembea, anapona. Hao wanaume wawili bado wanagombana juu na chini.

#45 Zimamoto Mstaafu
Mtu mmoja mwepesi atapita. Na Karen mgonjwa atabebwa na nani?

#46 Wa Nakuru
Sawa mzee, hapo sina jibu. Lakini hata Ben na Barbra wangetoka mapema, kabla mazombi hayajajaa uwanjani. Ben alipofika yalikuwa machache, aliyapiga kwa chuma cha kufungulia tairi.

#47 Dereva wa Fuso
Pikapu haikuwa na mafuta, ndugu. Ndicho kilichomsimamisha pale. Narudia: petroli.

#48 Chausiku
Swali langu ni la asubuhi. Ben yuko chini, anasikia mbwa, ving'ora, milio ya bunduki. Anajua ni watu. Kwa nini hakupiga kelele? Zombi haliongei. Neno moja tu, "nipo hapa", lingemwokoa.

#49 MwanaMvita
Alikuwa amekesha, amewapiga risasi Cooper na Helen walipoamka tena humohumo chini. Mtu wa namna hiyo hapandi akiita. Anapanda taratibu, bunduki mkononi, achungulie kwanza. Na hiyo bunduki ndiyo inayonisumbua, kwani zombi halibebi bunduki na kulenga dirishani. Yule mgambo aliona nini hasa?

#50 Zimamoto Mstaafu
Aliona kivuli ndani ya nyumba iliyovunjwavunjwa. Wamekuwa wakipiga tangu usiku, na sherifu ameshawaambia wapige kichwani. Mtu akishafanya kazi hiyo saa nyingi anaacha kutazama, anapiga kinachosogea. Nimeona watu wa msako wakiwa katika hali hiyo. Sisemi rangi haikuwepo, nasema hata bila rangi angeweza kupiga.

#51 MwanaMvita
Mzee wangu, muweke Cooper dirishani pale, na shati lake jeupe na tai. Yuleyule mgambo, umbali uleule. Angebonyeza bila kuita kwanza?

#52 Kisiki cha Mpingo
Angebonyeza. Mazombi mengi waliyopiga usiku ule yalikuwa na mashati meupe na suti za maziko. Ndiyo maana nawaambia tangu post ya kwanza, hatari ilikuwa dirishani. Cooper asingekaribia dirisha.

#53 BintiVuga
Cooper alipanda ghorofani akarusha chupa za petroli kupitia dirisha, Kisiki! Umeitazama wikiendi hii au umesimuliwa na shemeji?

#54 Kisiki cha Mpingo
Alirusha kwa sababu mpango wa Ben ulimtaka arushe. Shemeji kasoma huu uzi wote, anasema yuko upande wako, na amejisajili sasa hivi aje kukusaidia.

#55 Shemeji wa Kisiki
Salaam wakuu. Nianze na ile ngazi ya kushuka chini: iko ndani ya nyumba, na mlango wake unafungukia sebuleni. Kwa hiyo juu pakiingiliwa, walioko chini hawawezi kutoka kwenda popote hata wakiona mgambo wanapita nje. Ben aliponea hapo kwa sababu mgambo walifika asubuhi ileile. Wangechelewa siku nne, tano, bila maji, na Cooper na Helen wakiwa maiti mle ndani?

#56 Kisiki cha Mpingo
Hawakuchelewa.